Kwa nini betri ya simu haipendi shibe wala njaa?

Siku niliyonunua simu yangu ya kwanza, ya vitufe, muuzaji alinipa masharti kabla hajanirudishia chenji: "Usiiwashe. Kaichaji saa nane mfululizo, kisha itumie mpaka izime yenyewe ndiyo uchaji tena." Nikafuata kama dozi ya hospitali. Leo simu ni za kupangusa, lakini masharti yale bado yanazunguka mtaani: usichomoe mpaka ijae, usichomeke mpaka iishe.

Yametoka kwenye betri za nikeli na kadimi, zilizotumika katika simu za mwanzo. Hizo ukizichaji nusunusu kila mara zilikuwa na tabia ya kuzoea ile nusu na kugoma kutoa zaidi, kwa hiyo kuziacha ziishe kulikuwa na maana. Mwaka 1991 Sony ikaingiza sokoni betri ya lithiamu, na simu zikahamia huko. Kichekesho ni kwamba hata ile simu yangu ya vitufe ilikuwa na betri ya BL-5C, ileile ambayo baadaye tumeizoea kwenye viredio vidogo, na mgongoni iliandikwa waziwazi: Li-ion, 3.7V, yaani ya lithiamu. Muuzaji alinipa dawa ya ugonjwa ambao simu yangu haikuwa nao.

Betri ya lithiamu ina pande mbili. Upande mmoja kuna grafaiti, kaboni ileile ya kwenye penseli. Upande wa pili kuna mchanganyiko wa lithiamu na metali nyingine, katika simu mara nyingi kobalti (msomaji wa Kolwezi hahitaji kuambiwa inakotoka, zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani ni ya Congo). Ukichaji, chembe za lithiamu huhama na kwenda kujipenyeza kati ya matabaka ya grafaiti. Ukitumia simu, hurudi zilikotoka.

Sasa fikiria daladala ya asubuhi. Abiria wa kwanza wanaingia na kukaa bila shida. Wa mwisho wanaingia kwa kusukumwa, konda akipiga kelele watu wasogee nyuma. Ndiyo maana simu hupanda haraka hadi asilimia 80, halafu hizo 20 za mwisho zinajivuta. Betri inapojaa, volti zake hufika 4.2, na kwenye simu nyingi za sasa huzidi hapo. Katika msukumo huo kimiminika kilichomo ndani huanza kuharibika kidogokidogo na kuacha utando juu ya grafaiti, kama ukoko chini ya sufuria. Ukoko huo unameza lithiamu, na lithiamu iliyomezwa hairudi tena kazini. Simu inaonyesha asilimia 100, lakini mia ya leo ni ndogo kuliko mia ya mwaka jana.

Kinachoukoleza ukoko kuliko vyote ni joto. Kuna vipimo vinavyonukuliwa sana vya betri za aina hii: ukiihifadhi mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji asilimia 40, inapoteza kama asilimia 4 tu ya uwezo wake. Iache imejaa kwenye nyuzi 40, inapoteza kama 35. Ndiyo maana simu iliyochomekwa usiku hainitishi sana kama imelala mezani, maana ikijaa hujizuia yenyewe kuendelea kupokea. Inayonitisha ni ile iliyo chini ya mto, ndani ya kava nene, au iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa jua. Ikichemka wakati wa kuchaji, vua kava. Na kama simu yako ni ya miaka ya karibuni, ingia kwenye mipangilio upande wa betri; nyingi zina sehemu ya kuiambia isipande zaidi ya asilimia 80. Mimi naiacha hapo, nairuhusu ijae siku ya safari tu.

Njaa nayo ina madhara yake. Simu ikizima kwa sifuri, ndani bado kuna akiba kidogo iliyofichwa makusudi. Tatizo ni kuitupa kabatini miezi kadhaa ikiwa hivyo. Akiba inavuja taratibu, volti zinashuka kupita kiasi, na siku ukichomeka chaja inakuangalia tu. Fundi atakwambia "tuibusti", yaani aipe umeme kidogo kutoka nje ili izinduke. Wakati mwingine inazinduka. Ila ikiwa imevimba na kuinua kioo, usikubali ibustiwe wala usiibonyeze. Hiyo ni ya kubadilisha.

Hayo ni ya kuifanya betri idumu miaka. Kuhusu kuifanya ifike jioni, wengi tunahangaika kufunga programu moja moja, wakati mla chaji ni mwangaza wa kioo na mtandao. Mtandao hasa. Nikitoka Dar kwenda Iringa, nilikuwa nashangaa simu iliyokaa mfukoni tangu asubuhi inafika Kitonga ikiwa hoi. Sababu ni kwamba simu haipokei tu, nayo inatangaza kuelekea mnarani. Ukiwa karibu na mnara inanong'ona. Mnara ukiwa mbali inabidi ipaze sauti: kwenye 4G hufika takriban wati 0.2, na ikirudi kwenye 2G mipigo yake inaweza kufika wati 2. Pale ambapo hakuna mnara kabisa, kila baada ya muda inapekua masafa ikitafuta wa kushika.

Siku hizi basi likikaribia hifadhi ya Mikumi naweka simu kwenye hali ya ndege. Nyumbani wanajua sipatikani kwa saa mbili hivi, na nikishuka stendi bado nina chaji ya kumpigia bodaboda.