Manukato ya maua matupu?

Wengi huamini kwamba fundi mdogo wa manukato hutumia maua matupu, na kwamba kemikali ni ujanja wa viwanda vikubwa. Sivyo. Fougère Royale, manukato ya kampuni ya Houbigant ya Paris, yalitiwa kumarini ya maabara, kemikali yenye harufu ya nyasi kavu, tangu 1882.

Yako maua yenye harufu tele yasiyotoa mafuta ya kutumika. Muguet ya Wafaransa, ua dogo jeupe lenye umbo la kengele, ni mojawapo, kwa hiyo fundi huiunda harufu yake kwa kuchanganya. Asumini nayo haivumilii mvuke: huloweshwa kwenye kiyeyushi, kisha husafishwa kwa alkoholi. Karafuu haina makuu. Pemba hukamua mafuta kwa mvuke hata kutoka kwenye makonyo, na eujenoli iliyomo, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, iliwahi kugeuzwa viwandani kuwa vanilini, yaani kemikali ya harufu ya vanila. Sasa vanilini hiyo tuiite ya asili au ya bandia?

Mezani kwa fundi utakuta mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Tone moja la ziada la eujenoli, na marashi yananuka kliniki ya meno. Mchanganyiko huachwa wiki kadhaa utulie.

Kuhusu usalama, Umoja wa Ulaya hutaka eujenoli itajwe kwenye lebo inapozidi kiwango fulani, hata ikitoka kwenye karafuu yenyewe, kwa sababu huwasha ngozi za baadhi ya watu.