Mkusanyiko wa watu wengi: maswali ya kujibu kabla ya siku yenyewe

Watu hufaje kwenye mkanyagano?

Wengi hawafi kwa kukanyagwa. Hufa kwa kukosa pumzi, wengine wakiwa bado wamesimama, kwa sababu kifua kilichobanwa hakiwezi kutanuka kuingiza hewa. Ndivyo ilivyotokea Itaewon, mjini Seoul, Oktoba 29, 2022, ambapo zaidi ya watu 150 walikufa katika kichochoro chembamba chenye mteremko. Kuwalaumu marehemu kwamba "walitaharuki" ni kuwaonea. Aliye nyuma haoni yanayompata wa mbele, naye husogea tu bila kujua.

Nitajuaje umati umezidi?

Tazama mita moja ya mraba. Wakifika watu watano, hatari imeshaingia. Wakizidi hapo, mtu haendi tena anakotaka, hubebwa na umati. Kwa hiyo idadi ipangwe mapema, baada ya kutoa nafasi ya jukwaa, mahema na vyoo. Ateuliwe pia mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha shughuli papo hapo, bila kumsubiri mgeni rasmi wala mfadhili.

Je, lango moja kubwa halitoshi?

Halitoshi. Huko Duisburg, Ujerumani, mwaka 2010, watu 21 walikufa kwenye tamasha la Love Parade, ambako wanaoingia na wanaotoka walikutana kwenye njia ile ile. Tenganisha njia hizo. Milango ya dharura isifungwe kwa kufuli au mnyororo, hata kama wasio na tiketi watapenya. Hasara ya tiketi hulipika.

Mtu akianguka ghafla?

Asipoitika na asipopumua kawaida, ita msaada na uanze kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila huduma hupunguza nafasi ya kupona, ndiyo maana gari la wagonjwa lililozibiwa njia na magari ya wageni ni sawa na kutokuwepo. Aliyezidiwa na joto hadi kuchanganyikiwa apelekwe kivulini, amwagiwe maji na apepewe huku msaada ukiitwa. Asilazimishwe kunywa.

Na maji, vyoo, chakula?

Maji ya kunywa yapatikane bila foleni ndefu, na penye choo pawe na maji na sabuni. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili bila kuwekwa moto au baridi.

Mimi ni mhudhuriaji tu. Nikibanwa?

Inua mikono mbele ya kifua kama bondia, ili ubakize nafasi ya kupumua. Usipige kelele ovyo, utamaliza pumzi. Usishindane na msukumo. Nenda nao, na msukumo unapolegea sogea mshazari kuelekea pembeni mwa umati, lakini mbali na kuta na vizuizi. Kitu kikianguka, kiache. Mtu akianguka karibu nawe, mwinue mara moja.