Jiwe juu ya faili

Mimi ni fundi umeme. Nikiingia ofisini kwa watu, macho hayaanzi na ukuta, yanaanza na meza. Kabla sijachomoa tesita mfukoni, nusu ya ugonjwa nimeshaujua.

Mwaka jana niliitwa ofisi moja maeneo ya Posta, Dar es Salaam, kuna soketi inanuka. Nikapitia masjala, nikakuta meza ya mzee wa pale imejaa mawe. La kwanza la mtoni, limelainika kama andazi. Juu ya barua zinazosubiri muhuri kulikuwa na diski ya breki ya pikipiki. Kando yake nusu tofali, limevishwa soksi ya mtoto lisichubue mafaili.

"Shikamoo mzee. Haya mawe vipi?"

"Marahaba. Muulize huyo," akanyoosha kidole darini bila kuinua kichwa.

Pangaboi lilikuwa linazunguka kama linataka kuondoka na paa. Nikaijaribu regyuleta, kile kitufe cha ukutani cha kuongeza na kupunguza kasi. Moja, kimya. Mbili, tatu, nne, kimya. Tano, tufani.

Regyuleta za zamani, yale maboksi manene yanayopata moto, ndani yana waya wa ukinzani. Ukiweka namba ndogo, umeme unapita kwenye ukinzani mwingi, pangaboi linapata nguvu kidogo, linazunguka taratibu. Namba tano haigusi ukinzani kabisa, umeme unakwenda moja kwa moja. Sasa waya ule ukiungua, namba za chini zinakufa na tano inabaki hai. Ofisi inabakiwa na mambo mawili tu, joto la Februari au kimbunga. Huwa wanachagua kimbunga, halafu wanakwenda kuokota mawe. Kwa hiyo nikiona jiwe juu ya faili, regyuleta mpya naitoa kwenye begi kabisa.

Soketi iliyonuka ilikuwa uhasibu, na pembeni yake, kwenye uzi uliofungwa mguu wa meza, kulikuwa na mfuniko wa kalamu ya Bic. Umetafunwatafunwa, ncha imeyeyuka kidogo. Dada wa pale akaniambia huo ndio "ufunguo", na ukipotea idara nzima haichaji simu.

Soketi zetu za matundu matatu ni za mtindo wa Uingereza. Mguu wa juu wa plagi, ule wa ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, ni mrefu kuliko wenzake kwa makusudi: unatangulia kuingia, unasukuma vizuizi vya plastiki vilivyoziba matundu ya chini, ndipo miguu mingine ipite. Vizuizi vile vipo ili mtoto asiingize msumari. Chaja ya miguu miwili haina wa kuifungulia mlango, ndiyo maana watu wanachomeka mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu.

Naucheka, lakini naukataa. Miguu ya mviringo ya chaja haikai sawasawa kwenye matundu ya mstatili, inagusa kwa shida, cheche zinaruka ndani, plastiki inaungua polepole. Harufu niliyoitiwa ndiyo hiyo. Heri hata plastiki, maana nimekuta wanaotumia mpini wa kijiko, kwenye jengo ambalo waya wa ethi haukuwahi kuunganishwa popote. Adapta nzuri ya kugeuza miguu miwili kuwa mitatu, yenye fyuzi, haina bei ya kuitishia kikao.

Mtaani nako ni yaleyale. Tawi la mwarobaini limesimikwa katikati ya barabara: chemba imeibiwa mfuniko. Rimu ya lori inaning'inia mwembeni shuleni na nondo pembeni: kengele, na hiyo hata mimi siwezi kuitengeneza ikawa bora zaidi. Kiti cha plastiki cha mama ntilie kimepasuka mgongoni, kikashonwa kwa waya mwembamba wa shaba. Nikausogelea ule mshono, ni waya wa mota iliyoungua. Mishono imelingana kuliko ya daktari, na ncha zimekunjwa kwa ndani zisichane mashati ya wateja.

Turudi kwa mzee. Nilimbadilishia regyuleta, nikaweka namba mbili. Karatasi zikatulia. Nikanyoosha mkono niondoe tofali, akaliwekea kiganja.

"Liache hapo. Nyie mafundi nawajua."

Mwezi uliopita nilipita tena kwa kazi nyingine. Regyuleta iko namba mbili, inafanya kazi vizuri. Tofali lipo palepale, limebadilishiwa soksi.