Mume yuko misheni, mke halali

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wanajeshi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kutoka Afrika Kusini, Malawi na Tanzania walibaki wamezingirwa kambini. Huku nyumbani wake zao walikesha na simu mkononi: ujumbe umekwenda, tiki moja, ya pili haiji. Na kumbukumbu ya Desemba 7, 2017 ilikuwa haijafutika, kambi ya Umoja wa Mataifa ya Semuliki, huko huko mashariki mwa Kongo, iliposhambuliwa na walinda amani wa Tanzania zaidi ya kumi wakauawa. Mke wa namna hii hajitungii hofu.

Hata hivyo wengi huambiwa wajikaze. "Si ulijua unaolewa na mwanajeshi?" Maneno hayo, hata mama mkwe akiyasema kwa nia njema, humfunga mwanamke mdomo, na hofu ikihamia mwilini hutafuta pa kutokea: usingizi unakatika saa tisa usiku, kifua kinabana, chakula hakipiti, watoto wanakaripiwa bila kosa. Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani aliyezichunguza familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, alieleza uchungu wa kutojua mpendwa wako yu hai au amekufa. Huwezi kuomboleza, wala huwezi kutulia.

Kinachosaidia sana ni kupatana kabla hajaondoka. Muulize waziwazi: ukikaa kimya siku kadhaa, nimpigie nani? Andika jina na namba ya mtu huyo wa kikosini. Mtandao ukizimwa, au simu zikikatazwa kwa usalama wao, utakuwa na pa kuuliza. Video za maiti zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp usizifungue kabisa, nakuomba. Mara nyingi ni za zamani au za vita vingine, na zikishaingia machoni hazitoki. Habari ya msiba, Mungu aepushe, jeshi lenyewe huifikisha kwa familia.

Mtoto akiuliza baba yuko wapi, mjibu ukweli unaolingana na umri wake, bila kumwahidi tarehe ya kurudi usiyoijua.

Kukosa usingizi au kulia kukizidi wiki mbili, nenda hospitali ya jeshi au ya wilaya, mwambie daktari hivyo hivyo: naogopa, silali. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje asubuhi. Mgongee jirani mlango, akupeleke usiku huo huo.