Taka za bustani si taka za yadi, wala si mboji

Mapukutiko yaliyopita, mwenzetu mmoja hapa Minnesota, Marekani, alijitolea kututafsiria tangazo la ukusanyaji wa majani, na kwa wema wake wote akatuagiza tuweke “taka za yadi” kando ya barabara kabla ya theluji. Wiki mbili baadaye nikasikia mtu mwingine akitangaza, kwa sauti ya kujiamini, kwamba lori la “taka za uani” litapita Alhamisi. Nilivumilia hadi wa tatu aliposema kwamba hilo ni “lori la mboji”.

Kinachokusanywa, ambacho tangazo la Kiingereza hukiita “yard waste”, ni taka za bustani. Sheria ya Minnesota inazitaja kuwa ni mabaki ya bustani, majani ya miti, nyasi zilizokatwa, magugu, mabaki ya vichaka na miti, pamoja na matawi yaliyopogolewa. Tangu mwaka 1990 katika kaunti saba zinazozunguka Minneapolis na Saint Paul, na tangu 1992 katika jimbo zima, ni marufuku kuzichanganya na taka za kawaida zinazokwenda dampo, ambako hujaza nafasi na, zikifukiwa mahali pasipo na hewa, huoza na kutoa gesi ya methani. Si kiasi kidogo: mwaka 2018 nchi nzima ya Marekani ilizalisha zaidi ya tani milioni 35 za taka za aina hii, yaani takriban asilimia 12 ya taka zote za mijini.

Sasa turudi kwenye yadi. Kiingereza kina maneno mawili yanayotamkwa hivyo, nayo hayana undugu: moja linatokana na neno la kale lenye maana ya eneo lililozungushiwa ua, na jingine linatokana na neno la kale la ufito au fimbo, ambayo baadaye ilikuwa ya kupimia. Yadi tuliyoizoea sisi ni ile ya fimbo. Ni futi tatu, ni dhiraa mbili, ni kipimo ambacho wazee wa pwani walikiita pia wari, na mtu aliyekulia karibu na duka la vitambaa akisikia “taka za yadi” ana haki ya kufikiri kwamba jiji linakusanya vipande vilivyobaki kwa fundi cherehani. Najua kwamba siku hizi kuna yadi ya magari na yadi ya makontena, ambazo ni za ukoo wa lile neno la kwanza, lakini huko nako hakuna jani linaloanguka.

Aliyesema “uani” alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa ua, ule ambao wingi wake ni nyua, ndiyo maana hasa ya neno la Kiingereza. Bahati mbaya ni kwamba neno hilo lina pacha wake, ua la mmea, na bahati mbaya zaidi ni kwamba kwa watu wengi wa pwani kwenda uani ni namna ya kistaarabu ya kusema kwenda chooni. Sihitaji kueleza kile ambacho bibi yangu angedhani kimo ndani ya lori la Alhamisi.

Wapo pia wanaokataa neno taka lenyewe, wakisema kwamba jani si uchafu, na kwamba nyumbani tulifagia majani kwa ufagio wa chelewa tukayarundika kwenye mashina ya migomba. Wana hoja, na jani linalobaki chini ya mti wake kweli si taka. Lakini jani lililoanguka barabarani likinyeshewa hutoa fosforasi kama majani ya chai yanavyotoa rangi ndani ya birika, na maji hayo hutiririka hadi ziwani na kulisha mwani. Katika utafiti uliofanyika Madison, Wisconsin, na kuchapishwa mwaka 2016, kuondoa majani barabarani kabla ya mvua kulipunguza fosforasi ya mapukutiko katika maji ya mitaro kwa asilimia 84.

Kosa la mboji ndilo lenye gharama. Mboji ni ule udongo mweusi unaopatikana baada ya majani kurundikwa, kupinduliwa ili yapate hewa, kupanda joto hadi kupita nyuzi 55, kisha kupoa kwa miezi. Si kitu unachokitoa nyumbani, bali ni kile kinachoweza kurudi. Samadi nayo ni kitu kingine: Waarabu, tuliowaazima neno hilo, hukiita hivyo kila kirutubisho cha udongo, ila sisi tumelibakiza kwenye kinyesi cha mifugo. Jirani yangu mmoja, mama mwenye shamba la kukumbukwa huko kwao, aliposikia “lori la mboji” alitia ndani ya mfuko ugali uliolala na vichwa vya samaki, na kwa mujibu wa neno aliloambiwa hakukosea hata kidogo, kwa sababu mboji yake ya nyumbani ilipokea vyote. Hapa Minneapolis mabaki ya jikoni yana pipa lake. Hata mfuko wa plastiki ya kawaida haukubaliki katika kaunti hizo saba tangu mwaka 2010, kwa kuwa mfuko nao unatakiwa kuoza pamoja na kilichomo.

Nakiri kwamba bustani, neno la Kiajemi lenye maana ya mahali pa manukato, halikai vizuri juu ya nyasi za mbele ya nyumba, hasa kwa mtu wa Morogoro au Bukavu ambaye bustani kwake ni mchicha na bilinganya. Mwenzetu mtafsiri akiona linamkwaza, basi mapukutiko yajayo aandike “majani na matawi”, kwani majani kwetu ni ya mtini na ni ya ng’ombe pia, na hakuna atakayeleta kitambaa.