Telomea hazielei ovyo ndani ya kiini
Wengi wetu hapa Mombasa tulimaliza shule tukiamini kwamba kromosomu hulala ovyo ndani ya kiini cha seli, kama tambi sufuriani, na michoro mingi huonyesha hivyo. Hata hivyo katika hamira, ileile tunayoumulia mahamri, telomea, yaani ncha za kromosomu, hukusanyika ukingoni mwa kiini, na baadhi ya protini zinazozishikilia hapo hunata vyema pale tu histoni, yaani protini ambazo DNA huzizungukia, zinapoondolewa alama za asetili, vikundi vidogo vya kemikali vinavyobandikwa juu yake. Kwa binadamu, ambaye seli yake ya kawaida ina telomea 92 kabla ya kunakili DNA, nyingi hukaa ndani zaidi. Tofauti hii, naona, husahaulika mno. Msomaji akikutana na dai lolote, atazame kwanza linahusu seli za kiumbe gani.