Akshoni ya bunduki ya shabaha: unalipia nini hasa?

Akshoni ni lile bomba zito la chuma katikati ya bunduki. Mtutu huparafujwa mbele yake, komeo, yaani chuma kinachosukuma risasi ndani na kuziba nyuma yake, huteleza ndani yake, kifyatulio hufungwa chini yake. Kitako na mtutu hubadilishwa, yenyewe hubaki. Mashabiki wa shabaha wanaposema fulani "ameagiza akshoni", maana yao ni kwamba ameacha ile iliyokuja na bunduki ya kiwandani, akanunua nyingine iliyochongwa na karakana ndogo kwa vipimo vya kubana sana.

Kwa nini agharamie hivyo? Hapa Lubumbashi, anayekereza vyuma vya migodi ataelewa upesi kuliko mwindaji. Shafti ya pampu isiyokaa katikati hula beringi, hata chuma kiwe kizuri namna gani. Vivyo hivyo mtutu, chemba (tundu ambamo risasi hukaa) na komeo lazima vikae kwenye mstari mmoja. Risasi ya aina ya .308 Winchester inaruhusiwa kufikia mgandamizo wa baa 4,150, na mgandamizo huo husukuma nyuma kwenye komeo, ambalo huzuiwa na meno yake ya kufungia, mara nyingi mawili. Jino moja likigusa na lingine likielea, komeo huinama kidogo kila unapofyatua, na si lazima liiname sawasawa kila mara.

Fundi hulipima jambo hili kwa njia rahisi. Hupaka wino wa bluu nyuma ya meno, hufunga komeo mara kadhaa, kisha hulitoa na kuangalia. Wino ukifutika upande mmoja tu, jibu limepatikana. Akshoni ya kiwandani huweza kunyooshwa: hukerezwa uso wake, parafujo hukatwa upya, na meno husuguliwa kwa unga wa msasa hadi yote mawili yaguse. Akshoni ya kuagiza inakuja ikiwa imenyooka tayari. Tena, vipimo vyake hulingana kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo fundi wa mtutu anaweza kukutengenezea mtutu kwa mchoro tu bila kuishika bunduki yako. Kwangu mimi, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, ingawa wauzaji hupenda kusifia ulaini wa komeo.

Kuchagua kunaanza na mchezo wenyewe. Anayepiga risasi mojamoja, kama katika F-Class (shabaha za mbali, bunduki ikiegemezwa), hahitaji magazini, yaani kisanduku cha risasi. Sehemu ya chini ikiachwa bila tundu, akshoni hukakamaa zaidi. Anayeshindana kwa muda, akihamahama, anahitaji magazini. Halafu uso wa komeo, unaoshika tako la ganda la risasi: .308 na 6.5 Creedmoor hutumia mmoja, wa milimita 12 hivi, lakini ganda la .223 lina tako jembamba, kwa hiyo komeo lake ni jingine. Komeo la meno matatu hunyanyuliwa nyuzi 60 badala ya 90, ila kulinyanyua huwa kugumu zaidi. Umbo la nje nalo lina maana: akshoni nyingi hufuata lile la bunduki ya Remington 700 ya mwaka 1962, na vitako na vifyatulio vyake vimejaa sokoni. Anayeanza asitafute umbo la ajabu.

(Huku kwetu mengi ya haya ni ya kusoma na kutazama. Silaha Kongo zinaongozwa na sheria-amri ya mwaka 1985, na bila kibali hakuna mazungumzo.)

Akshoni haisogezi upepo. Katika mita 300 za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, duara la kumi lina upana wa sentimita 10, na anayekosea kusoma upepo atalikosa hata akiwa na chuma cha bei ya gari. Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu, ningeiweka kwenye mtutu, akshoni ya kiwandani ningempelekea fundi ainyooshe.